Mawe Sitini na Bisibisi Moja

Magomeni, Dar es Salaam
12 Agosti 1973

Mume wangu Babu Bonaventura,

Shikamoo. Mwakeye ya asubuhi. Na kama barua hii imekufikia jioni basi mwiriwe, maana Martini na boti yake hawana saa.

Mkeo wa huku mjini ni mzima. Nimenenepa kidogo, ukiniona usije ukanikana. Margareta, huyu ninayekaa naye chumba kimoja, anakusalimu sana ingawa anakujua kwa maneno yangu tu. Dagaa alizotuma Shangazi Honorata zilifika. Asubuhi mwenye nyumba alilalamika harufu, jioni akaja mwenyewe na sahani. Mwambie shangazi atume nyingine.

Kabla ya jambo kubwa nikupe jambo dogo. Unakumbuka ile redio yetu ya jiwe, uliyonitengenezea nikiwa na miaka saba, jiwe la risasi aliloleta yule mchimbaji Nikodemu kutoka machimbo ya Mpanda, sindano ya waya, na nyaya tulizozungushia mkebe wa majani ya chai? Nilikuja na lile jiwe Dar, nimelifunga kwenye kitambaa kama hirizi. Mwezi jana nimeiunda upya juu ya ubao wa sanduku la sabuni. Waya wa juu nimeufunga kwenye mnazi wa jirani, wa ardhini nimeufunga kwenye bomba la maji. Babu, inasema! Bila betri, bila chochote, kidude kiko sikioni na mtu anazungumza. Kule kwetu tulikuwa tunainasa Bujumbura kwa mbali alfajiri, tena kwa kubahatisha. Huku mtambo uko karibu, hata sihitaji kuisogeza sindano mara mbili.

Sasa jambo lenyewe. Unajua mimi ni karani tu katika ofisi ya elimu ya watu wazima. Walitaka sauti ya mwanamke wa kusoma somo la maji safi redioni. Tulijaribiwa kumi na mmoja. Wamenichagua mimi! Dakika saba, nchi nzima. Somo litarushwa Alhamisi tarehe 15 Novemba, saa kumi na mbili na nusu jioni.

Babu, nataka unisikie. Wengine wasikie wasisikie, shauri yao. Siku ile uliyoniwekea kidude sikioni kwa mara ya kwanza ulisema, "Skola, iko siku wewe utakuwa upande wa pili wa waya huu." Nimefika huo upande. Kwa hiyo nakuomba, itoe ile redio yako kubwa, sufuria, chini ya kitanda uifufue. Una miezi mitatu.

Mkeo,
Skolastika


Mwamgongo
3 Septemba 1973

Mke wangu mdogo Skolastika,

Marahaba. Barua nimeipata jana, imekaa bandarini Kibirizi siku tano kwa sababu Martini alikuwa anasubiri abiria wajae. Nimeisoma mara tatu. Ya nne nilimsomea bibi yako pale kaburini, nikamwambia, Agnesi, mjukuu wako anaingia redioni. Unenepe tu, mke mwembamba ni hasara.

Huku tuko salama. Dagaa wapo, mihogo ipo. Shangazi yako Honorata ni mzima ila siku hizi ana hasira, sijui za nini, kila akiniletea chakula anafoka utadhani niko ng'ambo ya ziwa. Jogoo wake amezeeka, hawiki tena. Katekista naye amezidi, Jumapili anasali kimoyomoyo, mtu unatoka kanisani hujui Injili ilikuwa ya nani. Watu wa kijiji hiki wamekuwa wavivu wa midomo. Jambo jema ni moja tu, karabai za siku hizi zinawaka kimya, hazina ule mvumo wa zamani. Maendeleo hayo.

Tangu serikali ya kijiji ianze, mwenyekiti wetu ni Pastory, yule mtoto wa marehemu rafiki yangu. Ameanzisha darasa la watu wazima, wanakutana kwenye ua wangu kwa sababu nina kivuli cha bati. Wana mwalimu, wana ubao, redio hawana. Iliyoletwa wilayani ilikwenda kijiji kingine. Sasa Pastory amesikia habari zako na anaitolea macho sufuria yangu. Nimemwambia sufuria ni ya mke wangu kwanza, kijiji baadaye.

Nimeitoa. Mende walijenga humo. Unaijua historia yake lakini nitairudia, mimi ni mzee, nina haki. Niliinunua Mpulungu mwaka 1952, meli ilipokuwa inapakia mahindi. Redio ya duara, bati jeupe la aluminiamu, ndiyo maana tuliiita sufuria. Bibi yako alipoiona mara ya kwanza aliuliza mfuniko uko wapi. Ina taa nne ndogo za kioo ndani na ilikuja na betri moja kubwa kama tofali. Betri hiyo haitengenezwi tena. Dukani Kigoma kijana alinicheka, akanionyesha redio ndogo za sasa. Sikumjibu. Mtu aliyetunza mashine ya meli miaka thelathini na moja hajibizani na muuza vitana.

Taa zote nne ni nzima, nimezipima. Ila kuna vidude viwili vya nta vimepasuka, nimekuchorea pembeni na namba zake. Vitafute huko kwa Wahindi. Nitumie na risasi ya kulehemu, na mawe manne mapya ya tochi ya kuwashia zile taa.

Ile nguvu kubwa nitaitengeneza mwenyewe. Betri ya zamani ilikuwa volti tisini. Jiwe moja la tochi ni volti moja na nusu. Wewe ni karani, piga hesabu: mawe sitini, yamepangwa kichwa kwa mkia. Mapya sitini hayapatikani hata kwa dawa. Lakini sufuria inakula kidogo sana upande huo, hata mawe yaliyochoka yanatosha. Kwa hiyo nimetangaza kijijini, asitupe mtu jiwe la tochi. Haba na haba. Mpaka leo ninayo arobaini na saba. Nayaanika juani mchangani, pembeni ya dagaa za Honorata, asubuhi nayageuza, jioni nayaingiza ndani. Nimepasua mianzi na kuyalaza humo kumi kumi, nimeyakaza kwa mpira wa baiskeli. Watu wanapita wanauliza bei ya kilo.

Usiwe na wasiwasi na Novemba. Sijawahi kushindwa na mashine.

Mumeo,
Bonaventura, fundi mstaafu lakini si fundi mfu


Magomeni, Dar es Salaam
24 Septemba 1973

Mume wangu,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, kuna mtu anaondoka na treni ya leo na amekubali kuchukua kifurushi. Sisi wazima. Margareta amechumbiwa, mimi bado nakungoja wewe.

Ndani ya khanga (khanga ni ya shangazi, usiigeuze tambara la mafuta) utakuta vidude sita badala ya viwili, Mhindi alinionea huruma. Utakuta risasi ya kulehemu, mawe manane mapya, na waya mwembamba wa kurefushia ule wa juu. Uvute mpaka kwenye mti ulio mbali na bati. Ulinifundisha mwenyewe.

Ninafanya mazoezi ya somo kila siku. Mkubwa wa kipindi anasema naharakisha na namalizia sentensi juu, kama mtu anayeuliza. Nimemwambia nimerithi kwa bibi. Akasema bibi hayupo kwenye mtihani.

Babu, hebu nikuulize. Ukishaiwasha, mwite Shangazi Honorata aisikilize pamoja nawe. Masikio mawili ni mema, manne ni mema zaidi. Halafu uniandikie inasemaje: inakoroma, inapiga mluzi, au inafifia? Kila sauti ina ugonjwa wake, hilo nalo ulinifundisha wewe.

Mkeo,
Skola


Mwamgongo
14 Oktoba 1973

Skolastika,

Marahaba. Wote wazima. Kifurushi kimefika kamili. Honorata amevaa khanga yake kanisani, amefoka asante.

Sina habari njema. Sufuria imekufa.

Nimefanya yote. Nimeng'oa vile vidude vya nta, nimelehemu vipya, na mkono wangu haukutetemeka. Waya nimeuvuta mpaka kwenye mwembe wa misheni. Mawe yametimia sitini, la sitini alileta Pastory mwenyewe, alilitoa kwenye tochi yake. Nikawasha. Taa zikapata joto, nazishika hivi kwa vidole, zina joto. Nikageuza kitufe cha stesheni kutoka huku mpaka huku. Kimya. Hata koo halijasafishwa.

Nimeifungua. Nimekagua kila waya. Nimeifunga. Kimya. Nimeifungua tena. Mara tatu nimeivua nguo na kuivalisha, mpaka naona aibu. Nakaa nayo chumbani jioni nzima, mlango nimeubana, nageuza kitufe, naongeza sauti mpaka mwisho, naitukana, nailaza, naisimamisha. Hakuna kitu. Mawe yenyewe yanaisha hivi hivi. Jana nimeyapima, kumi na mawili yamelala kabisa.

Umesema nimwite Honorata. Sitaki. Fundi haiti watu kuja kuona anavyoshindwa. Juzi alinikuta humo ndani, amesimama mlangoni anatabasamu, anasema amepiga hodi sana. Hakupiga hodi yoyote, mimi nilikuwepo. Nilimfukuza.

Na Pastory tumegombana. Sikiliza jambo hili uone watu walivyo. Asubuhi nageuza mawe mchangani, anakuja, ananishika mkono kwa mikono miwili, anasema, tena kwa sauti, "Asante mzee, jana tumepata taarifa ya habari yote, tulikuwa tumekaa nje ya ukuta wako watu kama kumi, hatukutaka kukusumbua." Taarifa ya habari! Mimi nimekesha na maiti ya redio, yeye ananishukuru kwa taarifa ya habari! Ndiyo dhihaka gani kwa mtu wa umri wangu? Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Baba yake alikuwa rafiki yangu, lakini yeye sikio la kufa halisikii dawa. Nimeliondoa darasa kwenye ua wangu.

Kwa hiyo mke wangu, usinitegemee tarehe 15. Soma vizuri, wasikie wengine. Mimi niandikie tu ulichosema, nitakisoma kwa macho yangu, bado yako sawa. Nimesikitika, siwezi kukuficha. Miaka thelathini na moja melini, mashine ikikohoa mimi najua ni kipande gani kimelika. Bisibisi yangu moja tu. Juzi hata mashine ya boti ya Martini nimeujua ugonjwa wake, nimeuma mpini wa bisibisi kwa meno, ncha kwenye chuma, nikamwambia ni ile beringi ya nyuma, ibadilishe kabla haijakuacha majini. Kakataa kwa sababu ya uvivu. Mashine kubwa inaniambia mambo yake, na kisufuria cha Mpulungu kinaninyamazia.

Usimwambie Honorata kwamba nimeandika haya.

Babu yako


Magomeni, Dar es Salaam
27 Oktoba 1973

Mume wangu mpenzi, Babu Bonaventura,

Shikamoo, na shikamoo tena. Leo sina habari za nyumbani. Margareta anakusalimu, amekaa pembeni yangu, ananiona ninavyoandika na kufuta.

Babu, usiifungue sufuria tena. Nakuomba kwa jina la Bibi Agnesi. Usiiguse. Ni nzima. Umeitengeneza vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani.

Pastory hakukudhihaki.

Nimeandika sentensi hiyo, nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi. Sitaandika inayofuata. Wewe si mtoto, na mimi ni mjukuu wako, nina ruhusa ya kukutania lakini si ya kukuvua nguo. Ila nitakukumbusha kitu.

Nilipokuwa darasa la nne ulinipeleka melini Kigoma, ukanishusha mpaka chini kwenye mashine. Nililia kwa ule mshindo. Nyinyi mafundi mlikuwa mnafungua midomo na hakuna aliyemsikia mwenzake. Mlikuwa mnagonga bomba kwa nyundo. Ulinifundisha: mara moja, punguza moto. Mara mbili, ongeza. Na ile yako mwenyewe, tatu polepole na mbili haraka, mliyokuwa mnagonga meli ikiingia bandarini. Tumefika, tuko salama. Ndiyo uliyokuwa unagonga kwenye nguzo ya chuma ya mlango ukirudi safari, na bibi anaweka chai motoni bila kuuliza nani.

Siku ile melini ulinipa bisibisi. Uliniwekea mpini kwenye mfupa, nyuma ya sikio, ukaniambia nisikilize mashine inavyozungumza kwa ndani. Nyuma ya sikio, Babu. Sasa unauma kwa meno. Sikuulizi tangu lini.

Fanya hivi. Alhamisi tarehe 15, saa kumi na mbili na nusu, iwashe sufuria. Mtu mwingine akutafutie stesheni. Chagua mwenyewe nani. Halafu weka ncha ya bisibisi kwenye ule mwili wa aluminiamu, karibu na spika, na mpini uume kwa meno kama ulivyofanya kwa Martini. Nitakugongea.

Mkubwa wa kipindi alikataa. Alisema studio si karakana. Nikamwambia mzee, hili ni somo la darasani, na mwalimu darasani hugonga meza kabla hajaanza, watu wazima wanyamaze. Alifikiri sana. Akasema sawa, lakini nisipasue meza. Tumesharekodi jana. Meza ilikuwa ya mninga.

Nakupenda, Babu. Naogopa barua hii itachelewa. Mungu ampe Martini mbio.

Skolastika


Mwamgongo
18 Novemba 1973

Skolastika, mke wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Honorata yuko hapa, anapika. Pastory alikuwa hapa, ametoka. Wote wanakusalimu. Leo nitaandika ndefu, mpe Margareta kiti.

Barua yako ilifika Kigoma tarehe nne. Unajua ilikaa wapi mpaka kumi na tano? Kibirizi, kwenye mfuko wa Martini. Mashine ya boti ilimfia, beringi ya nyuma, ile ile niliyomwambia. Na fundi wa kuitengeneza yuko wapi? Mwamgongo! Amekaa siku kumi na moja anatafuta namna ya kunifikia ili nimtengenezee chombo cha kunifikia. Mwishowe amekuja kwa kasia na vijana wawili, wamefika Alhamisi saa tisa alasiri, mikono imechubuka. Akanipa barua. Niliisomea pale pale mchangani.

Nilipofika pale uliposema Pastory hakunidhihaki, niliketi chini.

Nitaandika ile sentensi uliyoikimbia, maana mimi ndiye mwenyewe. Mimi ni kiziwi. Haya, imeandikwa. Wala haikunivunja mkono.

Nilijua, Skola. Si kwamba sikujua. Tangu mwaka juzi najua masikio yanapungua, sikio la kushoto ndilo lililotangulia. Nikasema ni uzee, nikasema ni nta, nikasema ni watu wananong'ona. Niliogopa wakijua hawataniletea mashine tena, fundi asiyesikia ni nani? Lakini kwamba sufuria inaweza kupiga kelele magotini pangu mpaka watu kumi wakasikiliza taarifa ya habari nje ya ukuta, na mimi niko ndani naitukana kuwa ni bubu, hilo sikulijua. Nilipolielewa nilicheka kwanza. Kisha nililia, tena sana, Martini akafikiri kuna msiba.

Zilibaki saa tatu na nusu. Mawe yalikuwa yamelala, nimeyamaliza mwenyewe kwa jioni zile zote. Nikasimama. Nikaenda kwa Pastory. Skola, kilomita zote nilizosafiri kwenye ziwa hili hazifiki urefu wa njia ile ya kwenda kwa Pastory. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nilimwambia, "Mwanangu, nimekukosea. Ulinishukuru nikakutukana. Sikusikia redio. Sisikii." Nilisema kwa sauti ya juu mno nadhani, maana mkewe alitoka jikoni.

Unajua alifanya nini? Aliweka jembe chini, akachukua kipande cha chaki, akaandika kwenye mlango wake, herufi kubwa: TUNAJUA MZEE. SHIDA YAKO LEO NI NINI?

Wanajua! Kijiji kizima, mpaka watoto. Ndiyo maana Honorata anafoka. Siri ilikuwa ya watu wote, mlinzi wake nilikuwa peke yangu. Nikamwambia shida yangu ni mawe.

Alitoka mbio. Mimi sikusikia alichokuwa anapaza, lakini niliona milango inafunguka. Wakaja na tochi zao, wanafungua vifuniko njiani. Wavuvi waliokuwa wanajiandaa kwenda kuvua wakatoa ya kwao, wakaingia ziwani na karabai tu. Mama mmoja alitoa moja, akasema (Honorata ameniandikia) ile nyingine ni ya kwendea chooni usiku, nimsamehe. Tulipanga kwenye mianzi, darasa zima limepiga magoti kwenye ua wangu, kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia. Mawe hamsini na nane. Mawili yaliyobaki tukaacha yale yaliyochoka.

Honorata ndiye aliyeshika kitufe. Nilimchagua yeye. Amejifuta mikono kwenye ile khanga yako, ameinamisha kichwa, anageuza taratibu kabisa, na nikamwona uso wake ulipoipata. Watu wote wakasogea mara moja. Nikajua umeanza, au unakaribia.

Nikatoa bisibisi mbele ya watu wote, watu arobaini na zaidi. Ncha kwenye sufuria, mpini kwenye meno. Nilijiona mjinga, mzee mzima anauma bisibisi mbele ya wakwe. Mwanzo hapakuwa na kitu, mtetemo tu, kama meli ikiwa imefunga gatini na mashine moja inazunguka. Nikasema moyoni, basi, imeshindikana.

Halafu ukagonga.

Moja. Mbili. Tatu. Mbili haraka.

Nilizipata kwenye meno, zikapanda mpaka paji la uso. Wazi kabisa, mke wangu, kama mtu amegonga fuvu langu kwa kidole. Sikuachia mpini. Mate yananitoka, machozi yananitoka, sikuachia. Na baada ya pale ukasema. Maneno sikuyapata, nisikudanganye, hata moja. Lakini nilipata mwendo wako. Unakwenda haraka, unasimama, unakwenda. Na kila mwisho unapanda juu, kama Agnesi alivyokuwa akiniuliza, "Umekula?" hata kama haulizi. Yule mkubwa wako alikosea, hiyo usiiache. Ndiyo niliyokutambua nayo. Nilikaa nawe dakika saba. Nilikusikia.

Ulipomaliza walipiga makofi, niliona mikono. Pastory ameniandikia somo lote kwenye ubao: chemsha maji, funika mtungi, usichote penye mifugo. Wanasema umesema vizuri hakuna mfano. Darasa limerudi kwenye ua wangu. Wakati wa kipindi mimi nauma bisibisi, wao wanasikiliza, hakuna anayecheka, ila Martini kidogo. Beringi yake nimeibadilisha jana. Amenilipa samaki.

Honorata anasema una likizo mwezi wa kumi na mbili. Njoo. Njoo na lile jiwe la Mpanda, tulitazame, nataka nijaribu kitu na waya na meno yangu.

Ukifika usipige hodi, sitaisikia, utasimama nje kama mgeni. Gonga nguzo ya chuma ya mlango. Tatu polepole, mbili haraka. Kuanzia tarehe mosi nitakuwa nakaa pale jioni, mgongo nimeuegemeza kwenye nguzo.

Mumeo,
Bonaventura